Elimu ya vyuo vikuu ipande hadi milima ya Lushebere

Siku ya Jumapili tarehe 2 Aprili 2023, majira ya mchana, akina mama na watoto walikuwa mtoni wakifua nguo na kuosha vyombo chini ya mlima, katika kijiji cha Bulwa, wilayani Masisi. Mlima ukakatika. Udongo ukawafunika hapohapo walipokuwa. Watu wapatao 20 walipoteza maisha, wengi wao wakiwa wanawake na watoto.

Mwezi mmoja tu baadaye, tarehe 4 Mei 2023, mvua kubwa ilinyesha upande wa Kalehe, katika Kivu ya Kusini. Mito ilijaa, ikabeba mawe, miti na matope kutoka juu milimani, ikashuka juu ya vijiji vya Bushushu na Nyamukubi. Huko Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Zaidi ya watu 400 walifariki, na wengine wengi hawakuonekana tena.

Kila mara mambo kama haya yanapotokea, tunasikia maneno yaleyale: ni mapenzi ya Mungu, ni mvua, ni bahati mbaya. Viongozi wanakuja na magari, wanatoa pole na sanduku, wanarudi. Mvua inayofuata inatukuta palepale.

Sisi tunasema: mvua inatoka mbinguni, lakini si kila kifo kinatoka huko. Wako watu katika nchi hii, tena watoto wa Kivu wenyewe, ambao wamesoma jinsi mlima unavyokatika, kwa nini unakatika, na ni mahali gani utakatika kwa urahisi zaidi. Wako katika vyuo vikuu vya Goma na Bukavu, na katika kituo cha utafiti cha Lwiro. Shida yetu ni kwamba yale wanayoyajua hayajapanda mlima. Mkaaji wa Lushebere, mwenye nyumba yake kwenye mteremko kilomita chache kutoka Masisi-Centre, hayajui. Na hilo linaweza kurekebishwa, hata katika nyakati hizi ngumu.

Nini wachunguzi wamekwisha kutuambia

Kwa miaka mingi sasa, wachunguzi wa Chuo Kikuu Rasmi cha Bukavu, wa kituo cha Lwiro na wenzao wa Ubelgiji wamekuwa wakihesabu maporomoko ya udongo katika milima iliyoko magharibi mwa ziwa Kivu na katika nchi jirani. Walitumia picha zilizopigwa na satelaiti na ndege, kisha wakatembea kwa miguu kuhakikisha. Mambo waliyoyapata yanatugusa moja kwa moja sisi watu wa Masisi.

La kwanza linahusu miti. Katika utafiti uliotangazwa mwaka 2021, waligundua kwamba mahali msitu unapokatwa, maporomoko huongezeka kwa muda wa miaka karibu 15, na udongo unaoshuka huwa mara 2 hadi mara 8 ya ule unaoshuka pale msitu ulipo. Sababu si ngumu kuelewa. Mizizi ya mti mkubwa hushika udongo wa juu kama kamba inavyoshika mzigo. Ukikata mti leo, mizizi haifi leo. Inaoza polepole, mwaka baada ya mwaka. Ndiyo maana mtu anaweza kukata msitu, akalima maharagi kwa misimu kadhaa bila tatizo, akaamini hakuna hatari. Hatari inakuja baadaye, na wakati mwingine inamkuta mtoto wake.

Baada ya miaka hiyo, maporomoko hupungua tena. Lakini si kwa sababu mlima umepona. Ni kwa sababu udongo mwingi uliokuwa mwepesi kushuka umekwisha kuondoka. Kinachobaki ni mawe, na mawe hayaoteshi viazi. Kwa hiyo mtu wa Masisi anapoteza mara mbili: kwanza usalama wake, halafu shamba lake.

La pili linahusu mikono yetu. Wachunguzi hao walitenganisha maporomoko ya asili na yale yanayosababishwa na kazi za watu, kama vile kukata mlima ili kupitisha barabara, kuchimba mawe ya kujengea na kuchimba madini. Mtu yeyote aliyepita barabara ya Sake hadi Masisi-Centre wakati wa mvua ameona kwa macho yake jinsi ukingo wa barabara unavyoshuka. Barabara ikifungwa siku tatu, bei ya maharagi, viazi, maziwa na makala inapanda Goma, na mgonjwa aliyetumwa hospitali anabaki njiani.

Na kuhusu madini, hatuhitaji kwenda mbali. Rubaya iko katika wilaya yetu hiihii. Inakadiriwa kwamba karibu asilimia 15 ya koltani ya dunia inatoka pale. Inachimbwa kwa sururu na koleo, mashimo yakipita chini ya mashimo mengine. Mwishoni mwa Januari 2026, mlima ulianguka juu ya wachimbaji, na habari zilizotoka huko zilitaja zaidi ya watu 200 waliokufa. Haikuwa mara ya kwanza mashimo ya Rubaya kuzika watu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa elimu ya miamba anajua kwamba ukichimba chini ya mteremko uliolowa maji, mteremko huo utakufuata. Je, ni nani aliyefundisha jambo hilo kwa kijana wa Rubaya kabla hajaingia shimoni?

Neno letu liko vitabuni, watoto wetu bado wanakufa

Tuchukue mfano mwingine. Wazee wa Goma na Sake wanalijua neno mazuku. Ni ile hewa mbaya inayotoka ardhini na kukaa katika mabonde madogo, hasa usiku na asubuhi mapema. Haina rangi wala harufu. Mbuzi akishuka pale kula majani, harudi. Mtoto akifuata mbuzi, naye harudi.

Wataalamu wa volkano walipokuja kuchunguza, waliona kwamba ni hewa ya kaboni inayotoka chini ya ardhi ya volkano. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, ndiyo maana inakaa chini, na ndiyo maana inaua wanyama na watoto kabla ya mtu mzima aliyesimama. Wataalamu hao hawakutafuta jina lingine. Walichukua neno letu la Kiswahili. Leo ukifungua maandishi ya wataalamu wa volkano, yawe ya Italia, Ubelgiji au Marekani, utakuta limeandikwa hivyohivyo: mazuku.

Maana yake ni kwamba maarifa yalianza kwa mchungaji wa mbuzi. Chuo kikuu kiliyachukua, kikayapima na kuyaeleza. Lakini yalipokwisha kuelezwa, hayakurudi kwa mchungaji. Wakati maelfu ya watu kutoka Masisi walipokimbia vita na kujenga vibanda vyao vya mahema upande wa Bulengo na Lac Vert, mahali palipojulikana kwa mazuku, wengi wao walikuwa wageni wa ardhi ile. Hawakuwa na mzee wa kuwaonyesha mabonde ya kuepuka. Kibao chenye maneno matatu ya Kiswahili, "Usilale hapa. Mazuku," kina bei ndogo kuliko safari moja ya mjumbe wa mkutano.

Funzo la Nyiragongo

Jioni ya tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ililipuka. Lava ikateremka usiku hadi pembezoni mwa Goma. Watu wapatao 30 walifariki. Siku tano baadaye, mamia ya maelfu waliamriwa kuhama. Wengi wakaja kwa miguu hadi Sake, na wengine wakaendelea hadi Masisi. Familia za Masisi zilifungua milango na kugawana sombe yao na wageni.

Goma ina Kituo cha Uchunguzi wa Volkano, OVG, tangu miaka ya 1980. Kina watu waliosoma na wanaoupenda mlima ule kama mali yao. Kwa nini basi hakikutoa tahadhari? Sababu moja ilijulikana wazi: msaada wa fedha kutoka nje ulikuwa umekwisha mwaka 2020, na kwa miezi kadhaa kituo kilikosa hata pesa za kulipia intaneti ya kupokea habari kutoka kwenye mashine zilizopandwa mlimani. Mashine zilikuwepo. Wataalamu walikuwepo. Kilichokosekana ni pesa za kulipia mawasiliano.

Si haki kusema kwamba intaneti peke yake ingezuia maafa. Wataalamu wenyewe wameeleza kwamba mlipuko wa 2021 ulikuja kwa dalili chache na kwa muda mfupi sana. Lakini mji wenye watu zaidi ya milioni moja, ulio chini ya mlima uliokwisha kuua mwaka 1977 na mwaka 2002, hauwezi kuweka macho yake rehani kwa mfadhili. Mfadhili akiondoka, macho yanafumba. Hilo ndilo funzo, na halihusu Goma peke yake. Kama macho ya Goma yanaweza kufumbwa namna hiyo, ya Lushebere hayajafunguliwa hata mara moja.

Kazi zinazolala makabatini

Kila mwaka, mamia ya wanafunzi wanamaliza masomo katika UNIGOM, ULPGL, Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu, Chuo Kikuu Rasmi cha Bukavu na vyuo vya ufundi na maendeleo ya vijiji. Kila mmoja anaandika kazi ya mwisho wa masomo. Wengine wanaandika juu ya mmomonyoko, maji ya kunywa, takataka za mji, makala, mbegu za viazi, magonjwa ya ng'ombe. Wanashuka vijijini na karatasi za maswali. Mkulima anaacha jembe, anawajibu kwa saa nzima, anawaonyesha nyufa na chemchemi. Wanamshukuru, wanaondoka.

Kisha? Kazi inaandikwa kwa Kifaransa. Inatetewa mbele ya walimu. Mwanafunzi anapigwa picha akiwa na maua na unga kichwani. Kitabu kinawekwa kabatini. Mkulima wa Lushebere hajui kamwe kilichoandikwa juu ya shamba lake.

Hatuwalaumu wanafunzi. Wanafanya wanachoombwa. Wala hatuwalaumu walimu, ambao wengi wanafundisha miezi mingi wakisubiri mishahara, na ambao tangu Januari 2025 wamefanya kazi katika mji uliogawanywa na vita, mabenki yakiwa yamefungwa. Tunalaumu desturi. Desturi inayosema kwamba kazi ya chuo kikuu inaisha siku ya kuitetea. Kwetu sisi, inapaswa kuisha siku inaposomwa kwa sauti mbele ya mkuu wa kijiji, kwa Kiswahili, na mkulima akapewa nafasi ya kusema: hapo mmekosea.

Jirani zetu wa Rwenzori

Kuna watu wanaosema kwamba haya ni mambo ya nchi tajiri. Waangalie ng'ambo ya mpaka. Kuanzia mwaka 2017, katika milima ya Rwenzori, magharibi mwa Uganda, wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Mountains of the Moon na wenzao wa Ubelgiji walichagua wakaaji wa kawaida kutoka vijiji mbalimbali. Wakawafundisha kutambua maporomoko, mafuriko na majanga mengine, wakawapa simu, na kuwaelekeza jinsi ya kutuma habari: mahali, siku, ukubwa, madhara.

Matokeo yalikuwa na faida mbili. Chuo kikuu kilipata habari za matukio madogo ambayo hayaingii kamwe kwenye redio, na yale madogo ndiyo yanayoonyesha mahali litakapotokea kubwa. Na kijiji kilipata mtu wake, anayejulikana, anayeweza kusema kwa lugha ya nyumbani: nyufa hizi si za kawaida, tuhame usiku huu.

Lushebere haikosi watu wa namna hiyo. Kuna walimu wa shule, waganga wa vituo vya afya, makatekista na wachungaji, vijana wa motari wanaopita kila njia, akina mama wanaopanda mashamba kila asubuhi na kuona mabadiliko ya mlima kabla ya mtu mwingine yeyote. Simu zipo. Mfumo wa nyumbakumi na wakuu wa vijiji upo. Kinachokosekana ni mtu wa kuwafundisha na mtu wa kupokea habari zao.

Kujua peke yake hakutoshi

Sasa tuseme ukweli wote. Mtu wa Masisi mara nyingi anajua kwamba mteremko wake ni mbaya. Anakaa pale kwa sababu hana pengine. Ardhi tambarare na nzuri ina wenyewe, nyingi ikiwa malisho ya ng'ombe. Vita vinamsukuma leo huku, kesho kule, na anapofika mahali papya anapewa kile ambacho wengine wamekikataa: ukingo wa mto au tumbo la mlima. Ukimwambia "hama" bila kumwonyesha pa kuhamia, hujamsaidia. Umempa hofu tu.

Kadhalika makala. Hakuna mama wa Goma anayependa kununua makala ghali, na hakuna kijana wa Masisi anayekata miti kwa furaha. Mmoja anahitaji kupika, mwingine anahitaji karo. Mtafiti anayekuja kuhubiri "msikate miti" bila jibu la maswali haya mawili atasikilizwa kwa adabu, kisha atasahaulika.

Ndiyo maana tunahitaji chuo kikuu zaidi, si kidogo. Swali la ardhi ni kazi ya wanafunzi wa sheria. Swali la makala ni kazi ya watu wa uchumi na wa kilimo: mti gani unaota haraka kwenye udongo wetu bila kukausha chemchemi, jiko gani linapunguza makala, majani gani ya ng'ombe yanashika ukingo wa shamba vizuri. Wazee wanakumbuka mitaro ya kukinga mmomonyoko iliyochimbwa zamani kwa amri na kiboko. Watu waliichukia kwa sababu ya kiboko, wakaiacha. Kazi ya leo ni kuirudisha kwa kuelewana, mahali inapofaa, maana kwenye miteremko mingine maji yanayosimama mtaroni yanaweza kuulowesha mlima na kuuharakisha kuanguka. Hapo ndipo unapohitaji mtu aliyesoma, akae pamoja na mzee anayekumbuka.

Tunachoomba

Kwanza, kila chuo kikuu cha Kivu kiweke sharti: kazi yoyote iliyofanywa kijijini irudishwe kijijini. Kurasa mbili za Kiswahili rahisi, na mkutano mmoja na wakaaji. Bila hivyo, diploma isubiri.

Pili, vyuo vichague vilima vichache, Lushebere ikiwemo, na kufundisha wakaaji wachunguzi. Wawe na kipima mvua, ambacho kinaweza kutengenezwa hata kwa chupa ya plastiki, daftari na simu. Wafundishwe dalili: nyufa mpya ardhini juu ya mteremko, miti au nguzo zinazoanza kuinama, chemchemi inayobadilisha rangi au kutokea mahali papya, milango ya nyumba inayokataa kufunga, mto unaopungua ghafla wakati mvua inanyesha kwa sababu umezibwa huko juu. Wafundishwe pia kutokimbilia palipoanguka kabla ya mtu kuangalia kilichobaki juu. Huko Gofa, Ethiopia, mwezi wa Julai 2024, wengi waliokufa walikuwa wale waliokuja kufukua wenzao, mlima ulipoanguka mara ya pili. Wote kwa jumla walizidi 200.

Tatu, redio za jamii zipewe nafasi. Masomo ya dakika kumi kabla ya msimu wa mvua wa Septemba, kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani, yatafika mahali ambapo kitabu hakifiki.

Nne, gharama ndogo za kudumu zilipwe hapa. Intaneti ya kituo, betri ya mashine, nauli ya mchunguzi: mambo haya yasingoje mradi. Wanaokusanya kodi barabarani na migodini, wawe nani, wanajua pesa zinatoka wapi. Sehemu yake irudi kwa mlima uliozitoa.

Tano, wenye silaha wa pande zote wawaache wachunguzi na wanafunzi wapite. Mtu anayepima ufa hapimi mahali pa kuweka mizinga. Mlima ukishuka hauulizi mtu ni wa kabila gani au ni wa upande gani.

Kwa wewe msomaji uliye Lushebere, Rubaya, Nyabiondo, Masisi-Centre, au uliyekimbilia mbali na bado una shamba na wazee huko: usingoje chuo kikuu ndipo uanze. Mvua ikipita, tembeeni watu watatu au wanne juu ya mteremko ulio nyuma ya nyumba zenu. Kuna ufa? Weka vijiti viwili, kimoja kila upande, upime nafasi iliyo kati yao. Urudi baada ya wiki, upime tena. Kama nafasi imeongezeka, waambie jirani, mwambie mkuu wa kijiji, na usiku wa mvua nyingi msilale hapo.

Na kwa wewe mwanafunzi unayetafuta kichwa cha kazi yako ya mwisho: kichwa kiko hapo, kati ya vijiti viwili. Nenda ukakisome, kisha urudi uwaambie wenye mlima ulichokiona.